Siku binti yangu alipoipiga "dada" kwenye kinanda

Binti yangu alikuwa na miaka minne na nusu nilipoamua kumfundisha nyumbani mambo mawili kwa mpigo: kusoma na kupiga piano. Sasa anakaribia saba. Anajisomea vitabu vya hadithi na anapiga nyimbo fupi kwa mikono miwili. Ukisikia hayo tu utadhani kazi ilikwenda vizuri. Haikwenda vizuri. Miezi mitano ya mwanzo niliiharibu karibu yote, na sehemu kubwa ya mwaka uliofuata niliitumia kufumua nilichokuwa nimekishona mwenyewe. Namwandikia mzazi ambaye leo amekaa na mtoto wake mbele ya kitabu au kinanda, machozi yanatoka, na haelewi yanatoka wapi.

Mimi si mwalimu. Utotoni nilijifunza piano kidogo nikaacha, kisha nikaimba kwaya miaka kadhaa kwa noti za solfa, zile za do, re, mi. Kusoma najua kama mtu mzima yeyote ajuavyo, maana yake sikumbuki hata kidogo nilijifunzaje. Hilo ndilo lililoniponza kuliko kukosa ualimu. Aliyekwisha kujua kusoma haoni tena herufi, anaona neno. Nilikuwa namwonyesha "mama" na mimi naona mama. Yeye alikuwa anaona vilima na viduara.

Kosa la kwanza lilikuwa la fedha. Nilinunua kinanda kidogo cha vitufe 32, vyembamba kuliko vya kawaida, nikijiambia mkono mdogo unahitaji vitufe vidogo. Ubonyeze polepole, ubonyeze kwa nguvu, sauti ilikuwa ile ile. Baada ya miezi minne vidole vyake vilikuwa vimezoea nafasi ambazo hazipo kwenye piano yoyote ya kweli, na alikuwa anapiga kama anayegonga mlango, kwa sababu kinanda hakikumpa sababu ya kupiga vingine. Nikalazimika kununua cha pili. Kama unaanza leo, tafuta chenye vitufe vya upana wa kawaida, visivyopungua 61, na ambavyo sauti yake inabadilika kulingana na nguvu ya kidole. Piano kamili ina vitufe 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, lakini mtoto wa miaka mitano hatavihitaji vyote kwa muda mrefu. Vitufe vyenye uzito kama vya piano halisi ni bora zaidi kama mfuko unaruhusu. Na kama una bahati ya kuwa na piano ya mbao na nyuzi, mwite fundi aisawazishe angalau mara moja kwa mwaka. Sikio la mtoto linameza unachokipa, na likishazoea sauti iliyopinda, hiyo ndiyo inakuwa sauti yake sahihi.

Kiti nacho. Kwa wiki mbili nilimgombeza binti yangu kwa kuning'iniza miguu, kuyumba na kuteleza. Niliuita utundu. Siku moja nikakaa mimi kwenye kiti kirefu ambacho miguu yangu haigusi chini, nikajaribu kupiga, na mgongo ukaanza kuniuma upesi sana. Nikaweka mto juu ya kiti chake ili viwiko vyake viwe usawa wa vitufe, na kisanduku kigumu chini ya nyayo zake. Akatulia siku ile ile. Wiki mbili za kugombezwa kwa kosa la kiti.

Lakini hayo ni ya vifaa, na vifaa hurekebishika. Kilichotuumiza kilikuwa alama.

Nilibandika stika juu ya vitufe: A, B, C, D, E, F, G. Kila mtu hufanya hivyo, na stika zenyewe huuzwa tayari. Nikamfundisha kuzitamka kama nilivyofundishwa mimi: ei, bii, sii, dii, ii. Wiki hizo hizo, kwenye meza ya kusomea, nilikuwa namwambia hii ni "a", hii ni "e", hii inatoa sauti ya "d" kama kwenye "dada". Sikuona tatizo lolote. Kichwani mwangu piano ilikuwa chumba kimoja na kusoma chumba kingine. Kichwani mwake hapakuwa na ukuta.

Asubuhi moja nilimpa kadi niliyoandika "dada" kwa herufi kubwa. Akaitazama, midomo ikicheza. Kisha akashuka kwenye kiti, akaibeba kadi kwa mikono miwili mpaka kwenye kinanda, akaisimamisha pale tunapowekea noti. Kwa kidole kimoja akatafuta D, akabonyeza. Akatafuta A, akabonyeza. D tena. A tena. "Dii, ei, dii, ei," akasema, akageuka kunitazama. Uso ulikuwa unang'aa. Alikuwa amefumbua fumbo.

Nikasema, "Hapana. Soma."

Akapiga tena, safari hii kwa nguvu, akidhani sikusikia. Nikamchukulia kadi mkononi nikamwambia, "Hiyo siyo kusoma."

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi kuliko jingine lolote katika safari hii. Kwa kanuni nilizompa mimi mwenyewe alikuwa sahihi kabisa. Nilimwambia alama hii ni ei, akaipiga ei. Nilichomfundisha asubuhi ile ni kwamba akifumbua jambo kwa akili yake, baba anamnyang'anya.

Namba nazo zilikuwa zinamsubiri. Wapiga piano huvipa vidole namba, kidole gumba 1 hadi kidole cha mwisho 5, kwa mikono yote miwili, na vitabu vya wanaoanza huchapa namba hizo juu ya noti. Wakati huo huo mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikihesabu mapigo: moja, mbili, tatu, nne. Nikisema "tatu" anabonyeza kwa kidole cha tatu, hata kama noti inataka cha kwanza. Nikadhani hasikilizi. Alikuwa anasikiliza kupita kiasi. Siku hizi sihesabu mapigo kwa namba akiwa anapiga. Nasema silabi yoyote isiyo na maana, "ta, ta, ta, ta", au napiga kofi pajani.

Pamoja na hayo yote, kwa nje alionekana anasonga mbele. Alikuwa na kitabu kidogo cha kurasa kumi na mbili na alikisoma chote, kidole kikifuata mstari. Niliwapigia simu ndugu. Jioni moja karatasi mbili zikagandana akazifunua pamoja, na yeye akaendelea kusoma kwa sauti nzuri maneno ya kurasa zilizorukwa, kidole kikipita juu ya maneno mengine kabisa. Nikaziba picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno moja katikati ya mstari. Hakulijua. Hakulijua hata moja.

Nikakimbilia piano. Wimbo aliokuwa anaupiga bila kosa ulikuwa na namba za vidole nilizoziandika kwa penseli juu ya kila noti. Nikazifuta, nikamwambia apige. Akaitazama karatasi muda mrefu.

"Baba, umefuta wimbo."

Noti zote zilikuwepo pale pale. Hakuwa amewahi kuzisoma. Naweka hili wazi kwa sababu nadhani ndilo kosa linalojificha vizuri kuliko yote: mtoto mwenye kumbukumbu nzuri anaweza kukaa miezi mingi akionekana anasoma na hasomi, na mzazi anayependa kusifiwa atakuwa wa mwisho kujua. Ziba picha mara moja moja. Mwonyeshe neno lile lile mahali pengine, kwenye gazeti, kwenye boksi. Usiandike jina wala namba juu ya kila noti, maana jicho la mtoto litakwenda kwenye alama rahisi zaidi, kama lako ambavyo lingekwenda.

Badala ya kutulia, niliongeza muda. Dakika ishirini zikawa arobaini, piano na kusoma mfululizo, kwenye kiti kile kile, jioni, mimi nimechoka na yeye amechoka. Siku wageni walipokuja nikamwambia awapigie. Akaweka mikono kwenye vitufe, akaiacha hapo. Kimya. Halafu akaanza kulia bila sauti, mabega tu yakitikisika. Usiku ule akasema, "Sitaki piano. Na kitabu sitaki."

Mama yake ndiye aliyeniambia nisichokiona. "Zamani alikuwa anakuletea kitabu umsomee. Sasa akikuona nacho anakwenda chooni." Nikaanza kuangalia. Ilikuwa kweli. Gharama kubwa ya miezi ile mitano ilikuwa hiyo, kuliko kinanda kilichonunuliwa mara mbili. Mtoto aliyependa hadithi alikuwa ameanza kuogopa kitabu mkononi mwa baba yake.

Tukafunga kila kitu mwezi mzima. Nilimwomba radhi, kwa maneno, kuhusu kadi ya "dada", na alikuwa anaikumbuka. Kinanda nilikiacha wazi bila kifuniko. Kila usiku nilimsomea hadithi na nikajizuia nisimwulize neno lolote: hii herufi gani, hili limeandikwaje, hapana. Wiki ya kwanza alikuwa ananitazama mimi, si kitabu, akisubiri mtihani. Wiki ya tatu alianza tena kuegemea begani.

Mwezi huo ndio niliokwenda kumwona mwalimu mmoja wa piano. Nilibeba karatasi, daftari la mazoezi, na maelezo marefu. Hakuvitazama. Alimwambia mtoto, "Ule wimbo unaoupiga nyumbani, niimbie."

Hakuweza. Miezi miwili alikuwa ameupiga wimbo ule na hakuwa na hata mstari mmoja wake kichwani. Mwalimu akaniambia kwa upole kwamba mtoto amejifunza vidole, muziki bado haujaanza. Alama ni ya kumkumbusha mtu sauti anayoijua. Kama sauti haimo, alama inamkumbusha nini?

Niliporudi nikasoma kuhusu Shinichi Suzuki, mpiga fidla wa Japani aliyezaliwa 1898 na kufariki 1998, aliyejenga njia yake yote juu ya jambo hilo: mtoto ajifunze muziki kama anavyojifunza lugha ya mama. Kwanza anasikia, anasikia sana, kisha anaigiza, na kusoma noti kunakuja baadaye. Hakuna mzazi anayempa mtoto mchanga alfabeti kabla hajasema "mama". Mimi binti yangu nilikuwa nimempa alfabeti mbili. (Njia hiyo nayo ina mtego wake. Mtoto akipiga kwa sikio miaka mingi bila kugusa noti, baadaye kusoma kunamchosha, kwa sababu sikio linakwenda mbio na jicho linatambaa. Kwa hiyo tulichelewesha noti kwa miezi, si kwa miaka.)

Tukaanza upya kwa makofi. Hapakuwa na kitabu wala kinanda. Nasema neno, yeye anapiga kofi kwa kila silabi. Ki-pe-pe-o, makofi manne. Ba-ba, mawili. Alipenda mchezo huu mpaka akawa anaupiga kwenye mlango wa bafu. Siku moja nikasema "mtu" na akapiga mawili. Nikamsahihisha: moja. Akakataa. "M. Tu," akasema, kofi, kofi. Nikaanza kueleza, kisha nikanyamaza, kwa sababu nilijisikiliza. Alikuwa sahihi. Kwa Kiswahili mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na katika "mtu" mkazo umekaa juu ya m yenyewe, kwa hiyo m ni silabi kamili. Vivyo hivyo "mbwa" na "nchi". Nilimwambia, "Umesema kweli, baba amekosea." Alikaa wima kitini kama aliyeongezwa urefu.

Makofi hayo yalifanya kazi pande zote mbili. Mtoto anayesikia kwamba "kipepeo" ni vipande vinne ataelewa kwa nini neno limeandikwa kwa vipande, na mtoto anayeweza kupiga makofi yaliyopangika ataelewa kwa nini noti moja inashika pigo moja na nyingine inashika mawili. Kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu kwa mtoto wa miaka minne, fanya hilo, kwa wiki nyingi, na usikimbilie karatasi.

Kisha nikabandua stika. Gundi ilibaki, nikakaa usiku naisugua. Vitufe vyeusi tayari ni ramani: viwili, vitatu, viwili, vitatu, mpaka mwisho. Nilimwachia avipapase akiwa amefumba macho mpaka awe na uhakika yupo kwenye viwili au vitatu. Kitufe cheupe kilicho upande wa kushoto wa vyeusi viwili ni Do. Do ya katikati, kwenye kinanda cha vitufe 61, kwa kawaida ni ya tatu kutoka kushoto, na kwenye piano kamili ni ya nne. Basi. Hakuhitaji herufi hata moja.

Na hapo ndipo nilipokuta kitu ambacho kilikuwa mbele yangu tangu siku za kwaya. Do, re, mi, fa, so, la, ti. Hizo ni silabi. Zilikuwa silabi tangu mwanzo: katika karne ya 11 mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, alichukua silabi za kwanza za mistari sita ya wimbo wa Kilatini wa kanisani, ambayo kila mmoja ulianza sauti moja juu ya uliotangulia, akawafundishia waimbaji. Ya kwanza ilikuwa "ut", baadaye ikawa "do", na ya saba iliongezwa baadaye. Na kila silabi kati ya saba tunazoimba ni konsonanti na irabu, kama ilivyojengwa sehemu kubwa ya Kiswahili. Ukizishika hizo saba, umeshika maneno.

Nikaandika kadi: mimi. Nikaiweka kwenye kinanda, pale pale palipokuwa na "dada". Akaisoma, "mi, mi," akapiga Mi mara mbili, akageuka. Safari hii nilikuwa tayari. Ilikuwa kusoma, na ilikuwa piano.

Tulikaa na maneno hayo karibu miezi miwili. Lala. Sofa. Refa. Mila. Lami. Dola. "Sofa" inashuka, so kwenda fa, na alisikia kwamba inashuka kabla hajaambiwa. "Lala" ilimlazimisha kuusogeza mkono, kwa sababu vidole vitano vilivyoanzia Do vinaishia So, na nilifurahi kwamba mkono ulisogea kwa kulifuata neno bila amri yangu. Alitafuta maneno yake mwenyewe na mengine hayakuwa na maana yoyote, tukayapiga nayo.

Uamuzi mmoja ilibidi niufanye na nausema wazi ili usikukute katikati. Kwaya nyingi zinazoimba kwa solfa zina Do inayohama: wimbo ukianza juu, Do inapanda nao. Mimi nyumbani nilishikilia Do isiyohama, kitufe kile kile daima. Kwa mtoto mdogo mbele ya kinanda niliona ni rahisi zaidi. Alipofika miaka sita nilimweleza kwamba kwenye kwaya Do husafiri, na kwamba wapiga piano wengi huviita vitufe hivyo kwa herufi. Alipokea bila shida, kwa sababu wakati huo kusoma kwake kulikuwa kumekwisha kukomaa na "e" haikuweza kumchanganya tena.

Upande wa kusoma tulikwenda kwa irabu tano kwanza, kisha konsonanti moja moja. Kiswahili kinatuhurumia hapa: irabu tano, kila moja na sauti yake ile ile popote ilipo. Lakini ule wimbo wa ba, be, bi, bo, bu una mtego. Mtoto akiuimba kwa mpangilio anaimba tu, hasomi. Mchanganyie: bo, bi, ba, bu. Herufi b na d nilizitenganisha kwa wiki kadhaa, nikasubiri moja ikae ndipo nikaleta nyingine, kwa sababu umbo ni moja limegeuzwa, na watoto wengi wa umri huo huzigeuza bila kuwa na tatizo lolote. Irabu mbili zinazofuatana, kama "ua" na "kaa", zinataka siku zake. "Ngoma" na "ng'ombe" ziliachwa mwisho kabisa.

Urahisi huo wa silabi una upande wake mgumu, na sikuutegemea. Binti yangu alianza kusoma maneno marefu upesi, lakini alipofika mwisho wa neno alikuwa amesahau mwanzo. "Ha-wa-ku-tu-a-mbi-a." Silabi saba, zote sahihi, na hakujua amesema nini. Tukaanza kusoma kila sentensi mara mbili: ya kwanza kwa vipande, ya pili kama mtu anavyoongea. Kisha namwuliza swali dogo. "Nani hakuambiwa?" Anafikiri. "Sisi." Neno likafunguka.

Kwenye noti, kabla ya majina tulisoma mwelekeo. Noti inapanda, inashuka, au inakaa? Inaruka au inapiga hatua? Nilikuza karatasi kwenye mashine ya fotokopi, kwa sababu mistari mitano ya kawaida ni myembamba mno kwa jicho la miaka mitano. (Kama mtoto anakunja macho au anaisogelea karatasi, apimwe macho kabla ya kuongezewa mazoezi.) Akikosea alikuwa anarudi mwanzo kabisa, kila mara, kwa hiyo mianzo yake ilikuwa mizuri na miisho haikuwepo. Mwalimu alituambia tujifunze wimbo kuanzia kipande cha mwisho, kisha kinachotangulia, kurudi nyuma. Kwa hiyo kila anaposonga mbele anaelekea anakokujua. Hakuna ushauri mwingine wa piano uliotusaidia hivyo. Mwalimu huyo tunamwona bado, mara mbili kwa mwezi, hasa kwa ajili ya kifundo cha mkono, ambacho mzazi asiye mpigaji hawezi kukiona kikikakamaa.

Muda wetu sasa ni dakika kumi za kusoma asubuhi na kumi au kumi na tano za piano alasiri, viti tofauti. Akikwama kwenye neno nahesabu moyoni mpaka tano kabla ya kufungua mdomo, na mara nyingi sifiki tano. Sauti yangu ikianza kubadilika tunafunga, hata kama zimepita dakika tatu. Wageni hawapigiwi isipokuwa yeye mwenyewe ametaka. Hadithi ya usiku haiguswi, namsomea mimi hata leo ingawa anaweza kujisomea.

Mkono wa kushoto bado unamsumbua. Ufunguo wa Fa, alama ya noti za chini ambazo kwa kawaida ni za mkono huo, ambapo mistari ni ile ile mitano lakini majina yamehama, umemliza mara mbili mwaka huu, na sina njia nzuri zaidi ya kwenda polepole, noti tatu kwa wakati.

Wiki iliyopita nilirudi jioni nikakuta nyumba kimya. Pale pa kuwekea noti palikuwa na karatasi yenye mistari mitano iliyochorwa kwa mkono, imepinda kulia, na juu yake viduara sita vya penseli. Viwili kwenye mstari wa kwanza. Viwili kwenye nafasi ya pili, vinene mpaka vimegusa mistari ya juu na chini. Kimoja kwenye mstari wa pili, kimoja kwenye nafasi ya kwanza. Hapakuwa na herufi wala namba. Nilisimama bila kuvua viatu nikapiga kwa kidole kimoja. Mi, mi. La, la. So, fa.

Nikaenda sebuleni taratibu. Alikuwa amelala pale alipoandika.